Ngumi ya Musa, Fimbo ya Musa

Mwulize mkulima wa Mofu, kijiji cha bonde la Kilombero, habari za msimu, atakujibu kwa neno moja: "Tunajitahidi." Atalisema akiwa na tope hadi magotini, mpunga wake wa supa ukianza kutoa masuke, kweleakwelea wakiuvizia kutoka kwenye matete, na mto Kilombero ukiwa bado unaweza kupanda usiku mmoja na kuchukua kila kitu. Neno hilo la kila siku ni neno la dini. Juhudi, jitihada, kujitahidi, jihadi, hata ijtihadi ya mafakihi na mujahada wa masufi, yote ni matawi ya shina moja la Kiarabu lenye herufi tatu, jim, ha na dal. Maana yake ni kutoa nguvu ulizo nazo mpaka uuhisi uzito wake.

Kiswahili kimeyagawia matawi hayo kazi tofauti. Juhudi tumeipeleka shambani, shuleni na kwenye siasa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliitaja pamoja na maarifa kuwa masharti ya maendeleo. Jihadi tumeiachia bunduki. Anayelisikia neno hilo leo redioni hufikiria Garissa, nchini Kenya, ambako watu 148 waliuawa katika shambulio la chuo kikuu tarehe 2 Aprili 2015. Au hufikiria Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma, ambako vita vilivyoanza Oktoba 2017 vimewatoa mamia ya maelfu ya watu makwao. Vijana wa Afrika Mashariki wamevutwa kwenda kuua kwa neno hilo hilo, wakaambiwa kwamba wanafuata nyayo za Manabii. Basi ni wajibu wetu kuzitazama nyayo zenyewe.

Ninachokiona katika maisha ya Manabii, amani iwe juu yao wote, ni hiki: mapambano ya nafsi na mapambano ya mwili hayakuwa njia mbili ambazo mtu huchagua mojawapo. Mwili ulifanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho, na nafsi ilishika hatamu. Hatamu zilipolegea, nguvu za mwili ziligeuka kuwa madhara, na Qurani haikulificha jambo hilo.

Jihadi isiyo na upanga

Tuanze na neno lenyewe lilivyotumika. Katika Sura al-Furqan, aya ya 52, Mtume Muhammad (S.A.W.) anaamrishwa awakabili wanaomkanusha kwa Qurani, na hiyo inaitwa jihadi kubwa. Sura hiyo iliteremka Makka, wakati Waislamu hawakuwa na jeshi wala ruhusa ya kupigana. Silaha iliyotajwa ni maneno. Aya ya mwisho ya Sura al-Ankabut, nayo inayohesabiwa miongoni mwa sura za Makka, inawaahidi uongofu wale wanaojitahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bila kutaja vita.

Kuna ushahidi mwingine ambao wengi huupita haraka. Sura Luqman, aya ya 15, inamzungumzia mtoto ambaye wazazi wake wanamshurutisha amshirikishe Mungu. Kitendo cha wazazi hao kinaelezwa kwa kitenzi kile kile cha jihadi. Ni wazi kwamba hawakumshikia mtoto wao mkuki. Walimsihi, walimlaumu, walimbana. Na mtoto anaamrishwa nini? Asiwatii katika hilo, lakini aishi nao duniani kwa wema. Kumbe jihadi inaweza kumaanisha msukumo wa maneno ndani ya nyumba moja, na jibu lake likawa msimamo uliochanganyika na adabu. Vita vya silaha vina neno lake, kitali, nalo huja pale mapigano yenyewe yanapokusudiwa.

Mtume alikaa Makka miaka kumi na mitatu baada ya kupewa utume. Katika miaka hiyo wafuasi wake waliteswa juani, ukoo wake ukawekewa vikwazo vya biashara na ndoa, naye alipokwenda Taif kutafuta hifadhi alipigwa mawe hadi miguu ikatoka damu. Mwili wake ulikuwa katika mapambano tayari, ingawa haukuinua mkono. Ruhusa ya kupigana ilikuja katika Sura al-Hajj, aya ya 39 na ya 40, na masharti yake yamo ndani yake: wamepewa ruhusa waliodhulumiwa na kutolewa majumbani mwao. Aya ya pili inaongeza sababu ambayo msomaji wa bonde la Kilombero, mwenye msikiti na kanisa katika kijiji kimoja, aitafakari sana. Inasema kuwa lau Mungu asingewazuia watu kwa watu wengine, zingebomolewa nyumba za watawa, makanisa, mahekalu ya Mayahudi na misikiti. Katika mpangilio wa aya, misikiti imetajwa mwisho.

Jasho ndani ya muujiza

Kosa la pili, lililo kinyume na lile la wenye bunduki, ni kuyafanya mapambano ya Manabii kuwa ya rohoni tu, kana kwamba walikaa kivulini wakiomba dua na Mungu akamaliza yaliyobaki. Qurani haiwasimulii hivyo.

Nabii Nuhu alikaa na watu wake miaka 950. Alipoambiwa kuwa gharika inakuja, safina haikushuka kutoka mbinguni. Aliijenga kwa mikono yake, na wakubwa wa kaumu yake kila walipopita walimdhihaki. Watu wa Kilombero hawahitaji kufafanuliwa kisa hiki. Hapa ni bonde la mafuriko lililotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, na maji yake hulisha sehemu kubwa ya mto Rufiji. Wandamba waliishi kwa kuyasoma maji hayo vizazi na vizazi: kuchonga mtumbwi kabla ya masika, kuinua dungu juu ya miti, kujua lini kulima na lini kuhama. Masika ya mwaka 2024 yaliwakumbusha hata waliosahau, mashamba na nyumba zilipozama. Anayechonga mtumbwi wakati wa kiangazi, mbuga ikiwa kavu, anaelewa imani ya Nuhu kuliko anayeisoma tu.

Tazama na miujiza mingine. Bahari ilipasuka, lakini Musa aliambiwa apige kwa fimbo. Ayubu, mwili umedhoofu kwa maradhi ya muda mrefu, aliambiwa apige ardhi kwa mguu wake ndipo maji baridi yakatoka, ya kuoga na ya kunywa. Maryamu, akiwa peke yake katika uchungu wa kujifungua, aliambiwa autikise mtende mwenyewe ili tende ziangukie kwake; na mtende hautikisiki kwa mkono wa mzazi aliyechoka. Hajara hakukaa kusubiri. Alikimbia mara saba kati ya vilima viwili akimtafutia mwanawe maji, na mbio zile za mama mmoja zikawa nguzo ya Hija. Katika kila kisa Mungu angeweza kutenda bila mkono wa mja, ila ameuweka mkono huo ndani ya muujiza.

Hadithi sahihi zinaendeleza picha hiyo. Mtume alisema kwamba hakuna Nabii ambaye hakuchunga kondoo, naye mwenyewe aliwachungia watu wa Makka kwa ujira. Alimsifu Nabii Daud kwa kula chumo la mkono wake, na akamtaja Zakaria kuwa fundi seremala. Mwaka 627, Madina ilipokaribia kuzingirwa, alichimba handaki pamoja na masahaba zake, vumbi limemfunika ngozi ya tumbo. Kwa mizani hii, mama wa Mofu anayeinama kupalilia tangu alfajiri, akarudi kuamia ndege mchana, kisha akapika jioni, hayuko nje ya njia ya Manabii. Kuna mtu alimwendea Mtume akitaka kutoka naye kwenda vitani, akaulizwa kama wazazi wake wako hai. Aliposema wako hai, aliambiwa jihadi yake iko kwao. Yaani kwa miguu ya kuwachotea maji na mikono ya kuwalimia.

Mkono uliotangulia

Kisa kinachonifundisha zaidi ni cha Musa kabla hajapewa utume. Sura al-Qasas inasimulia kwamba aliingia mjini akawakuta watu wawili wanapigana, mmoja wa kabila lake na mwingine wa upande wa adui. Wa kwake akamwita amsaidie. Musa alikuwa kijana mwenye nguvu, na watu wake walikuwa watumwa walioonewa kwa miaka mingi. Akapiga ngumi moja, mtu akafa.

Mtu akitaka kumtetea, hoja anazo tele: mdhulumiwa aliomba msaada, adui alikuwa wa taifa la Firauni, na hakukusudia kuua. Musa mwenyewe hakujitetea kwa hoja hizo. Alisema hiyo ni kazi ya shetani, akakiri kuwa ameidhulumu nafsi yake, akaomba msamaha na akasamehewa. Kesho yake akamkuta mtu yule yule wa kabila lake anapigana tena na mwingine na anamwita tena. Hapo ndipo tunapoona kwamba undugu wa damu peke yake hautoshi kuwa sababu ya kunyanyua mkono.

Kisha yakaja malezi. Alikimbilia Madyan, akawanyweshea mifugo wasichana wawili waliokuwa wamesukumwa pembeni ya kisima, akaajiriwa kwa mkataba wa miaka minane au kumi. Mkono ule uliokuwa na ngumi ukajifunza kushika fimbo ya mchungaji. Miaka hiyo ya kuamka mapema, kuhesabu wanyama na kumsubiri aliye dhaifu ndiyo iliyomwandaa kwa Firauni. Na alipotumwa kwake, mtawala aliyechinja watoto wa kiume wa watu wake, amri aliyopewa yeye na nduguye Harun ilikuwa waseme naye kwa upole.

Fimbo ile ilimeza uchawi wa Firauni na kupasua bahari. Ngumi iliacha maiti moja barabarani na kijana mmoja mkimbizi. Nguvu za mwili zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni nafsi iliyoziongoza.

Kubwa na ndogo

Watu wengi wamesikia masimulizi kwamba Mtume, akirudi kutoka vitani, alisema wametoka jihadi ndogo kwenda jihadi kubwa, yaani ya nafsi. Ukweli unatakiwa usemwe: wanazuoni wa Hadithi, akiwemo al-Bayhaqi, waliona mnyororo wa wapokezi wake ni dhaifu, na Ibn Taymiyya aliyakataa kabisa masimulizi hayo. Wanaopigia debe vita hutumia udhaifu huo kusema kuwa jihadi ya nafsi ni faraja ya waoga.

Hitimisho lao halisimami. Katika mkusanyo wa al-Tirmidhi imo Hadithi aliyoipokea Fadhala bin Ubayd, ambayo Tirmidhi aliipa daraja ya kukubalika, inayomtambulisha mwanajihadi kuwa ni yule anayepambana na nafsi yake. Naye Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350 na ambaye ni mwanafunzi mashuhuri wa huyo huyo Ibn Taymiyya, aliandika katika *Zad al-Maad* kwamba kupambana na adui wa nje ni tawi la kupambana na nafsi. Asiyeweza kuishinda nafsi yake ili itende yaliyoamrishwa hawezi kumshinda adui aliye nje yake. Jihadi ya nafsi aliipa ngazi nne: kujifunza haki, kuitenda, kuifundisha, na kustahimili taabu zinazoifuata. Kwa hiyo hata bila ile Hadithi dhaifu, mpangilio unabaki pale pale. Nafsi ni shina, na tawi lililokatwa kwenye shina hunyauka.

Mapambano ya Mtume mwenyewe yanaonyesha hivyo. Katika vita vya Uhud, mwaka 625, Waislamu wapatao 70 waliuawa baada ya wapiga mishale kuacha kilima walichopewa kukilinda, wakikimbilia ngawira. Mtume alijeruhiwa usoni na jino lake likavunjika. Qurani ilipoichambua siku hiyo, haikulaumu uchache wa silaha; ililaumu tamaa na kutotii. Na mwaka 630, alipoingia Makka mshindi, mbele yake wakiwa watu waliomfukuza na kuwaua jamaa zake, aliwasamehe. Nani atasema kwamba kusamehe siku ile kulikuwa kwepesi kuliko kupigana?

Bonde lililoitiwa vita

Historia ya Kilombero inatufanya tulisome jambo hili kwa uchungu wetu wenyewe. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilivuka hadi huku. Wapogoro na Wambunga walilikabili boma la Mahenge tarehe 30 Agosti, wakiamini kwamba dawa ya maji iliyotoka Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale ingegeuza risasi kuwa maji. Walikuwa na dhuluma ya kweli ya kuipinga, na ushujaa wao haupaswi kudharauliwa na mtu yeyote anayekula matunda ya uhuru leo. Bunduki za rashasha ziliwafyeka. Makadirio ya waliokufa katika vita vile kusini mwa nchi ni kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata majeshi ya Kijerumani yalipochoma mazao.

Ahadi ile ya maji inafaa kuwekwa kando ya visa vya Manabii. Hakuna hata mmoja aliyewaahidi wafuasi wake miili isiyopenya chuma. Zakaria na Yahya, kwa mapokezi ya wanazuoni wengi, waliuawa. Mtume wa mwisho alitoka damu Taif na Uhud. Imani yao iliwafunza kubeba jeraha, kwa kuwa mwili wa Nabii ni mwili.

Miaka mitatu baada ya Majimaji kuanza, mwaka 1908, ilisambaa Lindi na sehemu nyingine za koloni barua iliyoitwa barua ya Makka. Iliwahimiza watu kutubia na kushika ibada kwa sababu Kiyama kimekaribia. Watawala wa Kijerumani waliiogopa kama wito wa vita, wakaisaka. Novemba 1914 Sultani wa Uturuki, mshirika wa Ujerumani, akatangaza jihadi, na maofisa wale wale wakaueneza wito huo kwa Waislamu wa koloni. Katika miaka sita, watu walioona uasi ndani ya wito wa toba walikuja kuita vita vya kifalme kwa jina la dini. Bonde hili na milima ya Mahenge vikawa uwanja wa vita hivyo hadi Oktoba 1917, majeshi ya Kongo ya Ubelgiji yalipoitwaa Mahenge, na wapagazi wakafa njiani kwa maelfu bila kujua ugomvi ulikuwa wa nini. Tangu hapo tunapaswa kuuliza swali moja kila tunapoitwa: anayeniita ananitaka niitawale nafsi yangu, au anataka yeye aitawale?

Katika miaka hiyo hiyo, Bagamoyo ilikuwa na jibu la aina nyingine. Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo. Alianza kwa biashara ndogo, akasoma, akafungua madrasa, akawa khalifa wa tarika ya Kadiriya, na mwaka 1916 akawa liwali wa mji ambao aliingia akiwa mali ya mtu. Alifariki mwaka 1931, na zikri yake ingali ikikusanya watu Bagamoyo. Mwili wake ulivunja daraja za utumwa kwa kazi na elimu, na hakuna aliyehitaji kufa ili hilo litokee.

Mapambano ya mwili yanaweza pia kudai uhai. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera, Kenya, lilizuiwa na wapiganaji wa al-Shabaab waliowataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria wakakataa. Wanawake wa Kiislamu waliwavisha hijabu wenzao Wakristo, na mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwa waliogoma kutengana, alipigwa risasi. Alifariki Januari 2016 kutokana na majeraha. Pande zote mbili za mlango wa basi lile zilidai dini moja. Waliokuwa ndani hawakuwa na silaha, na ndio waliotekeleza sababu iliyotajwa katika Sura al-Hajj.

Kondoo walioingia shambani usiku

Mofu haina al-Shabaab. Ina jaribu lake, nalo ni kongwe kuliko majina yote tuliyoyataja. Ng'ombe wakiingia usiku katika mpunga uliobakiza wiki mbili kuvunwa, jasho la mwaka mzima linaisha kabla jua halijachomoza. Bonde la Kilombero limeijua migogoro ya wakulima na wafugaji kwa miaka mingi. Mwishoni mwa mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo, na ugomvi haukuisha kwa hilo. Asubuhi kama ile, mkulima anashika panga, mfugaji anashika fimbo au mkuki, na kila mmoja anawaita wa kabila lake. Ni mtaa ule ule ambamo Musa alipita.

Qurani imeitaja kesi hii hasa. Katika Sura al-Anbiya, aya ya 78 na ya 79, Daud na mwanawe Sulaiman wanahukumu juu ya shamba ambalo kondoo wa watu walilisha usiku. Wafasiri wanaeleza kuwa Daud alihukumu mwenye shamba apewe kondoo wawe fidia yake. Sulaiman akaona njia nyingine: mwenye shamba akae na kondoo, anufaike na maziwa na sufi, wakati mchungaji analihudumia shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, kisha kila mmoja achukue chake. Mwenyezi Mungu akasema Sulaiman alifahamishwa, na wote wawili walipewa hekima na elimu.

Angalia hukumu hiyo inavyotumia mwili. Mchungaji anashika jembe, mkulima anakamua maziwa. Kila mmoja kwa msimu mmoja anabeba taabu ya mwenzake, na akirudi kwenye kazi yake anajua thamani ya kilichopotea. Na kabla ya hapo, kila mmoja ameizuia nafsi iliyokuwa inataka damu. Mtume alifundisha kwamba hakimu anayejitahidi akapatia ana thawabu mbili, na akikosea ana moja. Kitenzi alichokitumia ni kujitahidi, kutoka shina lile lile la jihadi.

Basi wazee wa baraza wanaokaa chini ya mwembe siku tatu wakipima hasara ya mpunga, mfugaji anayekiri kuwa ng'ombe ni wake, na mkulima anayerudisha panga ndani huku kifua kinawaka, wamo katika kazi ya Daud na Sulaiman. Mkiwapita njiani mkawauliza habari, watajibu kama ilivyo desturi ya Mofu: "Tunajitahidi."